Mwezi Ule Haukuwa wa Kigoma

Mwakeye! Haya, walioitikia kwa makofi ni Waha, walionyamaza ni wageni au wamekaa sana Dar. Karibuni wote.

Wanaonijua wanajua naanzia wapi, kwa hiyo msigune. Naanza na ile picha.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uchoraji alileta picha kwenye maonyesho hapa mjini. Picha kubwa, nzuri kwelikweli, siwezi kumdhulumu. Ziwa Tanganyika, mitumbwi ya dagaa, karabai zinawaka, na juu ya maji mwezi mpevu, duara kama sinia la pilau. Watu wakaisifu. Dada mmoja akasema imemkumbusha nyumbani. Hata mimi niliisifu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Akaingia mzee wa Kibirizi, mvuvi aliyestaafu. Akasimama mbele ya picha, mikono mgongoni, akacheka kidogo.

"Shikamoo babu," kijana akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hawa wanavua nini?"

"Dagaa, babu."

"Na mbalamwezi yote hii?"

Mmeona? Watu wa Katonga wameshacheka. Kwa ajili ya wengine: dagaa hufuata taa, na taa hutaka giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya karabai yako. Mvuvi anabaki nchi kavu anashona nyavu. Ndiyo maana kila mwezi kuna siku dagaa wabichi wanaadimika sokoni, na mama zenu wanazijua siku hizo bila kalenda.

Mzee hakuishia hapo, na hili la pili ndilo lililonimaliza mimi mwalimu. Akasema: "Jua letu linazama Kongo. Mwezi mpevu unatoka jua linapozama, na unatokea kule," akaonyesha nyuma yake, upande wa mtaa wa Mwanga, mashariki. "Kuukuta huku ziwani ni alfajiri, unakwenda kutua. Wewe umeuchora jioni, watu wako ndio kwanza wanaondoka ufukweni. Huu umeutoa wapi?"

Kijana akajibu kwa sauti ya chini: kwenye simu.

Ilikuwa picha ya Bahari ya Hindi! Huko maji yako mashariki, mwezi unachomoza majini. Sisi maji yetu yako magharibi. Tulikuwa tumesimama Kigoma, tunaona kwetu, kumbe juu yetu umening'inia mwezi wa Dar es Salaam.

Najua pale nyuma kuna mtu ananisubiri: "Mwalimu, msanii ana uhuru." Anao. Chora miezi miwili ukitaka, chora dagaa wanapanda treni. Lakini yule kijana hakuamua chochote. Simu ndiyo iliyoamua.

Mwingine atasema naleta ukabila wa brashi, tuchore vya Waha tu. Jamani! Meli yetu ya Liemba ilitoka Ujerumani, Papenburg, imefungashwa vipandevipande kwenye makasha. Ikashushwa ziwani 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Nani wa vijiji vya huku ziwani atasema ile si yetu? Nakuomba tu usiichore kama kadi ya posta. Mchore mama aliyekuwa akishuka usiku wa manane kuingia kwenye mtumbwi, mtoto mgongoni, dumu la mawese mkononi, kwa sababu kijijini kwake hakukuwa na gati.

Na hii "mwisho wa reli"! Mnaivaa mpaka kwenye fulana. Reli ilifika hapa 1914, sawa, lakini mwisho kwa nani? Jina hilo kalitoa aliyepanda upande wa pili. Wewe uliyezaliwa Mwanga, stesheni yako ya kwanza ni ipi? Haya, tuendelee, hili huwa linanipandisha presha.

Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ziwa lilifungwa, hakuna kuvua. Ule mstari wa taa tuliozoea kuuona usiku, mpaka ukadhani kule mbele kuna mji, haukuwepo. Ziwa jeusi tii. Nimewauliza wachoraji wangu wote: nani alilichora giza lile? Hakuna. Tulikuwa tunachora Wamasai na Kilimanjaro.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na maneno mengi kuhusu Tabora, bendi ya Nyanyembe Jazz waliojiita kwa jina la kwao bila kumwomba mtu ruhusa. Basi. Ujiji nayo, zile sanamu za Livingstone na Stanley wameshika kofia zao, wenyeji waliowapokea 1871 wako wapi? Ndugu yetu aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ukimuuliza kwenu wapi anakupa majibu matatu na yote ya kweli. Huyo nilimweka mwisho ili nimpe muda wa kutosha, na muda ndio huo umekwisha. Nisameheni.

Yule kijana? Aliufuta mwezi, akapaka nyeusi juu yake. Picha niliinunua mimi. Ukiitazama kwa ubavuni, mwezi bado unaonekana.

Sasa ni siku za giza. Leo mitumbwi inatoka Kibirizi jua likizama, na nimeongea na wavuvi, watachukua watu wanne. Daftari na penseli tu, simu mziache nyumbani. Kijana wangu ameshajiandikisha, zimebaki nafasi tatu.