Pimeni rola kabla hamjagusa ekzozi

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele, hii variata, yaani puli ya mbele inayobadilisha gia yenyewe, ni ndogo na nataka kila mmoja aione kwa macho yake. Najua wengine mshanisikia naongelea rola, vile vipande vya duara vyenye uzito vilivyo ndani yake, na mtasema huyu hana jingine. Sina jingine, na nitaendelea kusema mpaka muache kuwakatia watu ekzozi.

Leo naongelea skuta ya mkanda, otomatiki, hizi za cc 125 na 150 ambazo nyingi humu ndani zimefungwa injini ya GY6 au nakala yake. Vespa ya zamani ya gia za mkononi, zile mnazoziona Unguja, ile haina variata kabisa, shida zake ni nyingine, tuiache.

Sasa nisikilizeni. Kijana kaniletea skuta ya 150, kalalamika kwamba mataa pale Mwenge yakiruhusu, bodaboda zote zinaondoka yeye kabaki kafungua gesi tu, injini inaguna, tairi haijaamua, na nyuma yake kuna daladala inampigia honi. Namuuliza umeshafanya nini? Kashafanya kila kitu! Ekzozi imekatwa tumboni ikatolewa vyote, kichujio cha hewa kimetupwa, kabureta imewekewa jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta, kubwa kwa kukisia, plagi mpya, halafu kuna fundi kamwambia hii injini ndogo inataka silinda kubwa, lete laki kadhaa. Yule mtoto alikuwa anaenda kuziazima hizo pesa, mnanielewa? Kuziazima.

Nikafungua kava la upande wa kushoto. Sikugusa injini. Nikatoa nati ya mbele, nikavuta puli, nikaigeuza variata, nikazimwaga rola sita juu ya gazeti. Ya kwanza imeliwa upande mmoja imekuwa bapa, ukiiviringisha kwenye meza haiendi, inakaa. Ya pili ganda la plastiki limekwisha mpaka chuma cha ndani kinaonekana. Nikaziweka kwenye mizani ya sonara moja moja, hii inasoma gramu 13, jirani yake 11 na pointi, yaani mtu huko nyuma alibadilisha mbili akaacha nne, kachukua za seti nyingine kabisa. Variata inavutwa huku kidogo na kule sana, inakwenda mshazari, mkanda unapanda kabla ya wakati wake. Nimeweka sita mpya za gramu 11, zote sawa, nimefuta vumbi, nimefunga. Akaenda akarudi anacheka peke yake. Ekzozi bado inapiga kelele mtaa mzima, hiyo hasara yake ilishaingia.

Na hiki ndicho kinachoniudhi. Mtu anakimbilia kitu kinachosikika. Ekzozi ukikata inalia, kwa hiyo unahisi nguvu imeongezeka. Rola hazionekani, hazisikiki, ziko ndani ya kava, na kwa sababu hiyo hakuna anayezitaja, wakati kuondoka kwa skuta kutoka kusimama kunaamuliwa humo humo.

Angalieni hapa. Puli ya mbele ina sahani mbili, moja imekaa palepale, nyingine inasogea. Nyuma ya hii inayosogea kuna vijia sita vya mteremko na ndani ya kila kimoja kuna rola. Injini ikizunguka, rola zinarushwa kwenda nje, zinapanda kijia, zinaisukuma sahani, sahani inaubana mkanda, mkanda unapanda juu. Mkanda ukiwa chini huku mbele na juu kule nyuma, hiyo ni gia nzito ya kuondokea. Mkanda ukipanda huku na kushuka kule, hiyo ni gia ya mwendo. Basi. Hii habari si ngeni, Waholandi wa kiwanda cha DAF waliiweka kwenye gari tangu 1958.

Sasa rola nzito zinarushwa kwa nguvu mapema, injini bado iko raundi za chini mkanda ushapanda, yaani umemlazimisha mtu aondoke na gia ya tatu. Rola nyepesi zinachelewa, injini inapata nafasi ya kupanda hadi pale nguvu yake ilipo, na hii 150 nguvu yake ya juu iko karibu na raundi 7,500 kwa dakika. Ukiwa unaiondosha kwenye raundi 5,000 farasi wengine wote uliowanunua wamelala.

Na hesabu yake ipo, si kukisia. Ule msukumo wa rola unaenda na uzito, lakini unaenda na raundi mara raundi. Kwa hiyo ukipunguza uzito kutoka gramu 12 hadi 10, raundi hazipandi kwa kiasi hicho hicho, zinapanda kama asilimia 9 au 10 hivi. Iliyokuwa inatulia 6,000 itatulia karibu na 6,600. Ndiyo maana nasema shuka gramu moja, jaribu, shuka nyingine, jaribu. Anayekuuzia rola za gramu 7 za skuta ya 150 eti ndiyo za mashindano, mrudishie, hiyo skuta italia kama cherehani na haitafika popote.

Mtasema mzee, rola nyepesi zinaua injini. Nimelisikia hilo mtaani Gerezani mpaka basi. Injini inauawa na oili chafu, inauawa na kichujio mlichokitupa, inauawa na mchanganyiko wa hewa nyingi mafuta machache, ukitoa plagi unaikuta nyeupe kama chaki. Injini iliyotengenezwa ifanye kazi raundi 7,500 haifi kwa kufanya kazi raundi 7,000. Ukizidisha nyepesi ikawa muda wote iko juu ya hapo, ndiyo, unaichosha na wese litaondoka. Lakini hilo ni kosa la kuzidisha.

Mwingine atasema mwendo wa juu utapotea. Kidogo, inawezekana, na hapo sasa kuna kipimo ambacho hakigharimu hata shilingi mia. Chukua maka peni, chora mistari kwenye uso wa ile sahani isiyosogea, kutoka katikati mpaka ukingoni, funga, nenda barabara iliyonyooka ufungue gesi yote kwa muda, rudi ufungue. Mkanda utakuwa umefuta wino mpaka pale ulipofika. Ukikuta wino umebaki kipande kikubwa ukingoni, mkanda haukupanda mpaka mwisho, rola ni nyepesi mno au springi ya nyuma ni kali mno. Ukikuta umefuta mpaka juu na kuondoka kwako ni kwepesi, acha hapo hapo, usiguse tena. Na kimita cha raundi kile kidogo cha kuzungushia waya kwenye waya wa plagi mnacho wangapi? Kinunueni, kitawafaa zaidi ya hizo stika.

Kuna wanaouliza kuhusu kuchanganya. Kama huna za gramu 10, chukua tatu za 9 na tatu za 11, panga moja nyepesi moja nzito, moja nyepesi moja nzito, mpaka mduara uishe. Usiweke nzito zote upande mmoja, utapata mtikisiko utakaokula bushi. Na saizi iwe ya kwako, hizi za GY6 ya 125 na 150 ni milimita 18 kwa 14, za zile skuta ndogo za 50 mara nyingi ni 16 kwa 13, zikilegea kwenye kijia mmejitafutia kazi. Na wewe uliyeuliza pale mlangoni, hapana, usipake grisi kwenye rola za mashine hii. Zinafanya kazi kavu. Grisi itarushwa, itafika kwenye mkanda, mkanda utateleza, halafu utarudi kwangu kusema rola hazisaidii.

Muda naona unakwenda, springi niziseme haraka.

Kule nyuma kuna vitu viwili mnavichanganya. Kuna springi kubwa moja inayofunga puli ya nyuma, hiyo inaushikilia mkanda usiteleze na inarudisha gia ya chini ukipunguza mwendo. Ikichoka ibadilishe, lakini usikimbilie kali kupita zote, mkanda utachemka. Halafu kuna springi tatu ndogo za klachi, zinauzwa kwa namba 1,000, 1,500 na 2,000. Hizo namba ni daraja za ukali, msidhani klachi itashika kwenye raundi hiyo hiyo. Ukipanda daraja moja klachi inasubiri injini ichangamke kwanza ndiyo ishike, unachomoka vizuri. Ukiweka 2,000 kwenye skuta ya kwenda kazini unakaa kwenye foleni unasugua lainingi mpaka zinang'aa kama kioo na dramu inageuka rangi ya bluu. Kwa mjini 1,500 inatosha, na wengi wenu hata za kiwandani zinatosha rola zikishakaa sawa.

Mkanda upimeni upana. Huu wa 150 mpya ni milimita 20, ukishapungua zaidi ya moja utakaa chini kwenye puli ya nyuma na ile gia ya kuondokea umeshaipunguza kabla hujaanza. Hakuna rola itakayokurudishia hiyo.

Na nati, nawaomba sana, msizuie feni ya puli kwa bisibisi wakati wa kufungua. Mapezi yanavunjika, feni inapoteza balansi, mkanda unakosa upepo. Tafuteni kishikizo cha puli au mashine ya upepo ya kufungulia nati.

Kabureta nilikuwa niseme ila haitatosha leo, kwa kifupi rudisheni vichujio vyenu na jeti ya kiwandani halafu ndiyo tuongee. Silinda kubwa sitaisema kabisa. Mtu ambaye hajapima rola zake hana sababu ya kuniuliza habari ya silinda.

Ile mizani ipo hapa mezani, na gazeti lipo. Nani kaja na skuta inayosita kwenye mataa? Ilete hapa mbele, zima, acha ipoe kidogo, nawe kaka shika kava tufungue.