Vada pav: kachori mnaijua, kazi iko kwenye chatne

Haya jamani, karibuni tena. Leo najibu lile swali ambalo kila nikipandisha video nalikuta chini: "Hiyo vada pav inapikwaje?" Vada pav ni mkate uliopasuliwa ukatiwa kachori ya viazi ya moto na chatne. Nikijibu kwa mistari miwili naambiwa nabana siri. Nikieleza kwa kirefu, mtu anaandika eti najishaua kwa sababu niko India. Kujishaua na kitu cha rupia 15? Hapa Pune, kama ilivyo Mumbai, hicho ndicho chakula cha aliye mbioni na cha ambaye mwezi umemkaba. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Ashok Vaidya, aliyekuwa akiuza nje ya stesheni ya Dadar, Mumbai, mwaka 1966. Chakula cha stesheni hicho, hakina ufahari wowote.

Watu wa Dar, Unguja, Tanga, Mombasa, batata vada, lile donge la viazi la ndani ya mkate, ndiyo kachori yenu. Huku ukiagiza kachori unaletewa kitu kingine, kigumu, cha unga wa ngano chenye dengu ndani. Usigombane na muuzaji. Kwa hiyo kufinyanga viazi na kuchovya sikufundishi, nasema panapoharibika tu.

Viazi nusu kilo, chemsha na maganda yake. Ukimenya kwanza vinakunywa maji, na maji hayo ndani ya mafuta yanageuka mvuke, kachori inapasuka. Ponda vikiwa moto, kisha acha wazi dakika kumi vikauke. Twanga saumu punje sita, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na pilipili mbichi nne. Kaanga nusu kijiko cha chai cha haradali mpaka iache kurukaruka, weka karipata (majani ya mchuzi), mvuje kiasi cha ncha ya kisu, ile iliyotwangwa, na manjano mwishoni kabisa, maana manjano ikiungua inakuwa chungu. Changanya na viazi, chumvi, kotmiri. Giligilani, dania, iteni mnavyotaka.

Rojo: unga wa dengu gramu 120, maji mililita 130 kwanza, kisha ongeza kidogokidogo mpaka rojo lifunike mgongo wa kijiko bila kuonyesha kijiko. Magadi ya kuokea, chembe tu. Ukizidisha, kachori inanyonya mafuta kama sifongo. Kabla ya kuchovya, chota kijiko kimoja cha mafuta ya moto umwagie humo. Ganda litakuwa jepesi.

Mafuta yawe nyuzi 175 mpaka 180. Na hapa nitoe dukuduku kidogo. Kupata mtungi wa gesi kwa jina lako wanataka uthibitisho wa makazi. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa ajisajili uhamiaji ndani ya siku 14 tangu afike, na huko nako wanauliza karatasi ya makazi. Mwenye nyumba sasa, mkataba anaahidi "kesho", na kesho yake haina tarehe. Silalamiki, nchi ya watu ina taratibu zake! Ila ndiyo maana wengi wetu tunapikia jiko la umeme la induksheni, na ile namba inayowaka pale si joto la mafuta. Dondosha tone la rojo: likizama likaibuka papo hapo, tayari. Likikaa chini, subiri. Likigeuka kahawia kabla hujahesabu tano, punguza. Kaanga nne nne, zikizidi mafuta yanapoa.

Sasa chatne. Mtu anapika kachori safi, halafu anapaka tomato sosi, kisha ananiandikia haifanani na ya barabarani. Itafananaje?

Ya kwanza ni kavu, ya saumu, na ukikosa muda wa zote tatu pika hii. Nazi kavu iliyokunwa nusu kikombe, saumu punje kumi na mbili, karanga vijiko viwili vya chakula, ufuta kimoja, pilipili nyekundu za Kashmiri sita, ambazo rangi yake ni kali kuliko moto wake. Kaanga kila kitu peke yake, moto mdogo. Nazi inaungua wakati saumu bado mbichi, ndiyo maana huwezi kuvitia pamoja. Viache vipoe kabisa, tia chumvi, usage kwa kukatakata: washa, zima, washa, zima. Ukiiacha mashine izunguke mfululizo, nazi na karanga zinatoa mafuta, unabaki na uji mwekundu.

Ya kijani: kotmiri vikombe viwili pamoja na vijiti vyake laini, nanaa nusu kikombe, pilipili tatu, jira, chumvi, ndimu moja, vipande viwili vya barafu badala ya maji. Mashine ikipata joto, kijani kinageuka rangi ya majani makavu. Nanaa ikizidi, uchungu. Na iwe nzito. Kipande cha mkate mkavu ukisagwa humo kinaishika, la sivyo mkate wako unalowa kabla hujaumega.

Ya ukwaju: ukwaju usio na kokwa gramu 100, tende 150, sukari guru 150, maji vikombe vitatu. Chemsha dakika kumi na tano, saga, chuja, rudisha jikoni na jira iliyokaangwa, tangawizi kavu na chumvi nyeusi. Epua ikiwa bado nyepesi kuliko unavyotaka, ikipoa inazidi kuwa nzito. Nawaomba msitumie sufuria ya alumini, zile zetu za nyumbani. Ukali wa ukwaju unakula madini na chatne inabaki na ladha ya sarafu. Tumia ya stili. Kwenye friji inafika wiki mbili. Umeme ukiwa wa kubahatisha, igandishe kwenye vyombo vya barafu.

Mkate ni skonzi laini zisizo na sukari nyingi. Pasua bila kuitenganisha, kijani upande mmoja, ukwaju mwingine, chatne kavu kijiko kizima katikati, kachori ya moto, bonyeza.

Vipimo hivi ni vya ulimi wangu, mwenye vidonda vya tumbo apunguze pilipili, mimi si daktari. Na aliyeuliza zile pilipili nzima zinazowekwa pembeni ya vada pav zinakaangwaje: zichane kwa kisu kabla ya kuzitia kwenye mafuta. Zisipochanwa zinalipuka, na zinalenga macho. Kaanga nusu dakika, nyunyiza chumvi zikiwa bado zinachechemka.