Bili Isiyomfikia Mwenye Kiwanda: Athari za Nje katika Ugavi na Mahitaji

Mabibi na mabwana, naomba kila mmoja awe na karatasi na kalamu. Somo hili lisipochorwa hupotea kabla hatujafika mlangoni.

Choreni mistari miwili. Unaoshuka ni wa mahitaji: bei ni 100 ukitoa idadi ya tani. Unaopanda ni wa ugavi: bei ni 20 ukijumlisha idadi ya tani. Bidhaa yetu ni saruji. Sarafu siitaji, wekeni yoyote. Mistari inakutana kwenye tani 40, kwa bei ya 60. Mnunuzi aliyeona tani inafaa kwa 60 ameipata, muuzaji anayeweza kuitengeneza kwa 60 au pungufu ameiuza, na hakuna aliyelazimishwa.

Ila kuna watu hawakuulizwa. Kila tani inayotoka kiwandani inaacha vumbi, na tuseme vumbi hilo linawagharimu majirani 20: dawa za kifua, nguo kufuliwa mara mbili, paa kuchakaa mapema. Gharama hiyo haimo kwenye mchoro wetu, kwa kuwa mstari wa ugavi unarekodi bili zinazomfikia muuzaji tu: mafuta, mishahara, mashine. Bili ya vumbi inapelekwa kwa mwingine. Hiyo ndiyo tunayoiita athari ya nje. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa tembo hawagombani hata kidogo, wamepatana bei na kupeana mikono, na nyasi zinaumia vile vile.

Mchumi wa Cambridge, Arthur Pigou, alilichambua pengo hili kati ya gharama binafsi na gharama ya jamii mwaka 1920. Kwenye karatasi yako ni kazi ya dakika moja: pandisha mstari wa ugavi kwa 20, uanzie 40. Sasa unakutana na mahitaji kwenye tani 30, kwa bei ya 70. Maana yake tani kumi za mwisho hazikustahili kutengenezwa. Ile ya 40 mnunuzi anaithamini 60, lakini jamii nzima inaigharamia 80. Pembetatu iliyo kati ya tani 30 na 40, yaani nusu ya 10 mara 20, ina ukubwa wa 100. Hiyo ni hasara ambayo haimnufaishi mtu yeyote.

Msilipite hili haraka: tani 30 bado zinatoa vumbi. Mchoro haukusema kiwanda kifungwe. Umesema vumbi liruhusiwe pale tu ambapo thamani ya saruji inayopatikana inazidi gharama ya kuitengeneza pamoja na madhara yake.

Tukitoza kodi ya 20 kwa tani, soko lenyewe linashuka hadi tani 30. Bei haipandi kwa 20, inapanda kwa 10. Mnunuzi analipa 70, muuzaji anabaki na 50, kwa sababu mistari yetu miwili ina mwinamo sawa. Kama wanunuzi hawana mbadala, mstari wao husimama wima zaidi, mzigo mkubwa huwaangukia wao, na kiasi kinachouzwa hupungua kidogo tu. Watu wakiona hivyo husema kodi imeshindwa. Si lazima iwe imeshindwa. Huenda bidhaa hiyo inathaminiwa kiasi kwamba watu wako tayari kulipia hata madhara yake.

Piga hesabu ya nani kapata nini. Wanunuzi wanapoteza 350, wauzaji 350. Hazina inaingiza 600, na madhara kwa majirani yanashuka kutoka 800 hadi 600. Jumla yake ni faida ya 100, ile pembetatu yetu. Lakini majirani bado wanavuta vumbi la 600, na 600 za fidia ziko hazina, si kwao. Mchoro haujali fedha hizo zinaishia wapi. Majirani wanajali.

Sasa kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, na ni la kawaida mno: kutoza saruji badala ya kutoza vumbi. Tuseme kuna chujio linalogharimu 12 kwa kila tani, na linashusha madhara kutoka 20 hadi 5. Kodi ikiwa juu ya tani, hakuna mwenye akili atakayelifunga. Atatumia 12 na bado atalipa 20. Kodi ikiwa juu ya vumbi lenyewe, anayefunga hulipa 12 za chujio na 5 za kodi, jumla 17, badala ya 20. Atalifunga bila kushurutishwa. Ugavi unaanzia 37, soko linatulia kwenye tani 31.5 kwa bei ya 68.5, na madhara yote yanakuwa 157.5 badala ya 600. Saruji imeongezeka, bei imeshuka, na hewa ni safi zaidi.

Kikwazo ni kipimo. Sweden, iliyoanza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1991, huitoza kwenye mafuta, kwa sababu kaboni iliyomo inajulikana kabla hayajachomwa. Vumbi na salfa havina urahisi huo. Kiasi kinachotoka hutegemea mtambo. Marekani ilipoanzisha soko la vibali vya salfa, yaani ruhusa za kutoa moshi wa salfa zinazouzwa na kununuliwa, chini ya sheria ya 1990, mitambo ya umeme ilitakiwa kuweka vipimo vinavyosoma bomba la moshi mfululizo. Bila kipimo, kibali ni karatasi tu.

Mchumi Ronald Coase, mwaka 1960, aliuliza kwa nini wahusika wasipatane wenyewe. Haki ikijulikana ni ya nani, ya kiwanda kutoa vumbi au ya jirani kupata hewa safi, na mazungumzo yasipogharimu kitu, watafika kwenye suluhisho lenye faida bila kodi. Kwa kiwanda kimoja na dobi mmoja, sawa. Kwa majirani elfu tano, kila mmoja akingoja mwenzake achangie, mazungumzo hayaanzi.

Geuzeni karatasi. Kuna athari za nje zenye manufaa, nazo zinagusa mstari wa mahitaji. Anayechanjwa huhesabu kinga yake tu, si ya jirani. Kwa namba zile zile, manufaa ya nje yakiwa 20, mahitaji yanaanzia 120 na kiasi kinachofaa ni 50, si 40. Ruzuku ya 20 inamfanya mchanjwa alipe 50 na mtoaji apate 70. Hazina inatoa 1,000. Ila hiyo 20 si namba iliyotulia. Surua huhitaji takriban 95% ya watu wawe na kinga ndipo isisambae. Kadiri wengi wanavyochanjwa, hatari ya aliyebaki inapungua, na hamu yake inapungua nayo. Mahitaji hudhoofika karibu kabisa na mstari wa mwisho, ndiyo maana ruzuku ndogo haiwagusi wachache waliosalia.

Msichanganye pia athari ya nje na bei kupanda. Kiwanda kikinunua makaa mengi, makaa yanapanda bei na wewe unaumia, lakini ulichopoteza kimeingia kwa muuza makaa. Hapo hakuna cha kutozwa kodi.

Mwisho, kabla ya kuandika kodi yoyote, hesabu wauzaji. Akiwa mmoja tu, hauzi tani 40. Kila tani ya ziada inamshushia bei ya zote, kwa hiyo anasimama kwenye tani 26.7 hivi, chini ya zile 30 tulizozitaka. Mtwishe kodi ya 20 na atashuka hadi 20, kwa bei ya 80. Kama hakuna chujio, ili afike 30 hazina ingelazimika kumpa ruzuku ya 10 kwa kila tani, yeye huyo huyo mwenye vumbi. Hesabu haina kosa. Nendeni mkawaeleze majirani. Mimi ningefungua soko kwa washindani kwanza, kisha nitoze vumbi.