Mwindaji wa Kukaa Sebuleni

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Swali mliloniletea wengi ni hili: nina tangi, nataka samaki mwindaji, ninunue yupi? Mimi huanza na tangi lenyewe. Pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 1000, hizo ndizo lita zako. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. La 120 kwa 45 kwa 50 ni lita 270. Iandike hesabu hiyo kabla hujaenda dukani, maana dukani kila samaki ni mdogo.

Kambale mwenye mkia mwekundu wa Amazon huuzwa akiwa na urefu wa kidole, naye hupita mita 1. Oscar, wa Amerika Kusini pia, hufika sentimita 30 na ushee. Utaambiwa samaki hukua kwa kadiri ya tangi. Si kweli, na naomba tuache kabisa kuambizana hivyo. Anayedumaa anadumazwa na uchafu: mla nyama hutoa amonia nyingi, yaani sumu itokanayo na uchafu wake, maji ni machache, chujio linazidiwa, na samaki huteseka muda mrefu kabla hajafa.

Je, lita 54 zinamtosha mwindaji? Zinamtosha. Ziwa Tanganyika lina Lamprologus ocellatus, samaki wa sentimita 6 hivi, anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono na kuwinda wadudu wadogo wa majini. Mwekee mchanga na makombe. Ukiingiza mkono, ataurukia.

Mwenye lita 270, ninayempendekeza kwa moyo wote ni Altolamprologus compressiceps wa ziwa hilohilo. Dume hufikia kama sentimita 15, tena hukua polepole mno. Mwili wake ni mwembamba kama ubao, hivyo hupenya kwenye nyufa za miamba na kuchomoa kamba na vifaranga wa samaki wengine. Mpangie mawe, kisha kaa umtazame anavyowinda: huelea kimya, huinamisha kichwa taratibu, na ghafla kamba hayupo. Majirani zake wawe samaki wasioingia kinywani mwake. Kipimo ni kinywa, si upole wa sura. Na maji ya Tanganyika ni ya alikali, yaani kinyume cha asidi: pH, kipimo chake ambacho 7 ndiyo katikati, hukaribia 9, kwa hiyo maji ya mvua peke yake hayamfai.

Ziwa Nyasa lina Nimbochromis livingstonii, anayejilaza mchangani na mabaka yake kama aliyekufa, visamaki wakija kudonoa anawadaka. Ni wa ajabu kweli. Lakini hufika sentimita 25. Kama huna tangi la mita 1 na nusu, lita 400 hivi, mwache.

Kuhe wa Kigoma, yule mwindaji mkubwa wa Ziwa Tanganyika, msiniulize. Hupita sentimita 60, kwao ni ziwani.

Kuna jambo linaloniumiza: samaki akizidi tangi, watu humtupa mtoni. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na tangu hapo aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zimetoweka, naye akiwa sababu kubwa. Tusirudie. Mwenye samaki aliyemshinda, asiondoke kabla hatujaonana. Humu ukumbini wamo wenye mabwawa.