Chombo Kikiwa Kwenye Gadi

Mabibi na mabwana, mabaharia na mafundi wenzangu, assalamu alaikum.

Masika yakikaribia na kusi ikianza kuvuma, wenye vyombo vya tanga hapa Mombasa huvipandisha nchi kavu, huvitia gadi, yaani nguzo za kukiegemeza chombo pande zote mbili, kisha wengi wetu huenda zetu tukiamini kwamba chombo kisichoanguka kimekaa vyema. Mimi nasema kusimama ni jambo moja na kukaa sawa ni jingine.

Matundu ya kutolea maji sitahani, yaani kwenye sakafu ya juu ya chombo, yalitobolewa na muundaji aliyekiwazia chombo kikielea. Kikiinama omo, yaani mbele, au kikilalia ubavu, tundu lililokuwa chini huwa juu, na maji ya mvua hutuama pembeni hadi yapate ufa wa kupenyea. Wazee husema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, ngama ni tumboni mwake chini), na mvua ya Mei huifuata methali hiyo kuliko sisi: hushuka ndani, hukaa gizani, ubao ukaoza. Kwa hiyo, ikiwa matundu makubwa yako tezi, napendelea omo iinuke kidogo. Lakini vyombo havifanani, basi mwaga ndoo ya maji sitahani utazame yanakokwenda.

Usawa huo tuupime wapi? Si kwenye sitaha, kwa kuwa ina mpindo wake, wala si kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ambao katika vyombo vingi haulingani na uso wa bahari. Kipimo ni mstari wa maji, yaani mstari wa ubavuni unaofikiwa na uso wa bahari chombo kikielea. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji pasibaki povu la hewa, ncha moja ishikwe penye mstari huo kule omo na nyingine tezi, kisha urudie kulia na kushoto. Katika chombo chenye mita 10 za mstari wa maji, mwinamo wa digrii 1 ni takriban sentimita 17 baina ya omo na tezi, na jicho hulikosa hilo pale ardhi yenyewe inapoteremka.

Mimi mwenyewe niliwahi kufunga rafu na jiko kwa pima maji ndani ya chombo kilichoegemea kushoto. Nchi kavu kazi ilipendeza. Kilipoelea, sufuria zote zilihamia upande mmoja, ikanibidi nifungue kila skrubu.

Uzito ubebwe na mkuku juu ya magogo. Kazi ya gadi ni kuzuia chombo kisipinduke, hivyo ziegemee penye taruma, yaani mbavu za chombo, au kiambaza, yaani ukuta wa ndani unaokigawa, hasa kwa vyombo vya faiba, ambavyo ubavu wake hubonyea. Chini ya kila gadi pawe na ubao mpana, kwani mchanga ulioloa hudidimia, na gadi za pande mbili zifungwe kwa mnyororo upitao chini ya mkuku zisiteleze kwenda nje. Kila baada ya mvua kubwa, mpira wa maji utoke tena.

Omo ikiwa imezama, jeki hukaa chini ya mkuku, na kila chombo kinapopanda kidogo kabari hupigwa papo hapo. Kikiwa kimelala ubavu, mmoja hukaza gadi za upande uliolala huku mwenzake akilegeza za upande wa pili kwa kiasi hichohicho, moja baada ya nyingine, bila kuiondoa hata moja, na sitahani asiwepo mtu.