Kuimudu Pombe Si Kinga ya Ini

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie pombe na mwili. Muda ni mfupi, kwa hiyo sitagusa kila kiungo. Nataka tumwangalie mtu mmoja ambaye kila aliyemo humu anamjua: yule anayesifiwa kwamba pombe haimwezi. Wenzake wanapepesuka, yeye amenyooka. Wenzake wanaamka kichwa kinawagonga, yeye ameshaoga na yuko kazini. Tunamsifu. Mimi nasema huyo ndiye wa kumhofia zaidi.

Kulewa ni mambo ya ubongo. Mtu akinywa mara kwa mara, ubongo hujirekebisha ufanye kazi pombe ikiwamo. Glasi mbili zilizokuwa zikimlegeza zamani sasa hazimfanyi kitu, basi anaongeza hadi nne, hadi sita. Lakini viungo vingine vinapokea kiasi kilekile alichomeza. Ini halina habari kwamba mwenyewe hakulewa.

Na ini lina mwendo wake. Kwa mtu mzima wa kawaida huondoa takriban gramu 7 za pombe halisi kwa saa. Chukueni chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5: mna gramu 20 hivi. Chupa moja ni kazi ya karibu saa 3. Chupa tano ni muda wa saa 14. Aliyeanza saa mbili usiku, pombe yake inakwisha saa nne asubuhi, na huenda keshaendesha gari. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi. Na wanaozimua asubuhi wanalibebesha ini mzigo mpya kabla halijamaliza wa jana.

Katika kuivunja pombe, ini huigeuza kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kali kuliko pombe yenyewe. Asetaldehaidi huharibu DNA, ile ramani ya urithi iliyomo ndani ya seli, na huzuia isikarabatiwe. Hapo ndipo saratani hupata upenyo. Tangu mwaka 1988, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, lilimo pia moshi wa sigara. Saratani za kinywa, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana, na titi kwa wanawake. Iwe bia, mvinyo au pombe kali, kinachodhuru ni kilekile. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha unywaji ambacho ni salama kwa afya. Kunywa kidogo kuna hatari ndogo kuliko kunywa sana, hilo ni kweli, lakini ndogo si sawa na hakuna.

Sasa turudi kwa ini, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Ini linaweza kuharibika kwa miaka bila kuuma. Kwanza hujaa mafuta. Wengi wanaokunywa sana hufika hatua hii na hawajui, na inasikitisha, kwa sababu hapa bado lipo la kufanya: mtu akiacha pombe, mafuta hayo mara nyingi huondoka ndani ya wiki chache. Asipoacha, ini huvimba, kisha nyama yake nzima hugeuka makovu, ngumu, yenye vinundu. Hiyo ndiyo sirosisi. Damu itokayo kwenye utumbo, ambayo kwa kawaida hupita katikati ya ini, sasa inakuta njia imebana. Inatafuta vichochoro, na kimojawapo ni mishipa midogo ya umio. Ile mishipa inatuna, kuta zake zinakuwa nyembamba, na siku moja inapasuka. Mtu anatapika damu. Wapo ambao hiyo ndiyo dalili yao ya kwanza kabisa. Wengine huanza kwa tumbo kujaa maji au macho kuwa ya njano.

Kwa hiyo usingoje maumivu. Kama unakunywa mara kwa mara, nenda kapime damu na ini, na umwambie daktari kiasi halisi, bila kupunguza chupa hata moja. Mwambie pia kama unatumia paracetamol, kwani ini lililozoeshwa pombe nyingi hudhurika nayo kirahisi zaidi.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa wenye ndugu anayekunywa kila siku tangu asubuhi. Msimfungie ndani na kumnyima pombe ghafla, hata kwa nia njema. Ule ubongo uliojirekebisha kuishi na pombe huchachamaa ikikatwa mara moja: mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili au ya tatu akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Mpelekeni hospitali aachishwe chini ya uangalizi, kwa dawa, na apewe vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa wameishiwa nayo. Akishaanza degedege au kuchanganyikiwa, msingoje kupambazuke.