Kwa Nini Maamuzi ya Arusha Hayafiki Namanga

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi wafanyabiashara mliofunga vibanda mapema ili mje: wazee shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie changamoto za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Orodha yake ni ndefu, na wengi wenu mnaijua kuliko mimi kwa sababu inawagusa mfukoni. Sitaisoma. Nitakaa na moja tu, ile ninayoona inazaa nyingine: Jumuiya yetu inajua kuamua, lakini haina njia ya kumfanya mwanachama atii alichokubali mwenyewe.

Kutoka Arusha, makao makuu ya Jumuiya, hadi Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hata siku haiishi. Umoja wa Forodha ulianza 2005, Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Kwa maandishi, mahindi ya mkulima wa Tanzania yakivuka pale hayana tofauti kubwa na mahindi yaliyotoka Kajiado, upande wa Kenya. Lakini Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Malori yakajipanga mpakani, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti mapya.

Wenzangu Watanzania msipige makofi bado. Mwaka 2017 maofisa wetu waliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, wakisema wanazuia mafua ya ndege. Na Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, ufundi simu na kununua mazao shambani. Kenya ikalalamika kwamba hayo si makubaliano ya Soko la Pamoja. Ukiisoma itifaki ya soko hilo, yaani makubaliano yake ya maandishi, bila ushabiki, malalamiko yao yana uzito.

Sisemi sumukuvu ni kisingizio. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ninachouliza ni nani anayepima. Leo nchi inayofunga mpaka ndiyo inayochukua sampuli, ndiyo inayosoma majibu, na ndiyo inayotoa hukumu. Mama mwenye magunia yake kumi ya mahindi hana pa kukata rufaa kabla mzigo haujaoza. Basi anatafuta njia ya panya, na hapo tunamwita mhalifu.

Ushuru nao ni hivyo hivyo. Tunao viwango vya pamoja kwa bidhaa za nje: sifuri, 10, 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa tunazoweza kuzizalisha wenyewe. Vizuri sana. Lakini kila bajeti zikikaribia, nchi moja inaomba isitumie kiwango hiki kwenye mchele, nyingine kile kwenye chuma, na gazeti rasmi la matangazo ya Jumuiya linatoka na kurasa kwa kurasa za ruhusa za kutofuata tulichokubaliana. Mwenye kiwanda anayetaka kuwekeza kwa miaka kumi hajui ushuru wa mwakani.

Twende kwenye mkataba wenyewe, ule uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ibara ya 12 inasema Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa kauli moja. Walipokuwa watatu, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, hilo liliwezekana ingawa kwa jasho. Rwanda na Burundi wakaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Tumekuwa nane, na kanuni ni ile ile. Ibara ya 143 inaruhusu hatua kuchukuliwa dhidi ya nchi isiyotimiza wajibu wake, lakini wanaopaswa kuamua hatua hiyo ni mkutano ule ule wa kauli moja. Niambieni nani atainua mkono wa kumwadhibu mwenzake, akijua na yeye ana deni?

Na madeni yapo. Michango kwa miaka mingi imekuwa sawa kwa kila nchi. Uchumi wa Kenya umevuka dola bilioni 100. Wa Burundi haufiki hata bilioni 10. Bahasha ni moja. Ni kamati ya harusi inayomtoza mwenye kiduka na mwenye kiwanda kiasi kile kile, kisha inashangaa ukumbi haujalipiwa. Bunge la Afrika Mashariki limewahi kusimamisha shughuli kwa kukosa fedha. Umoja wa Fedha, ambao itifaki yake ilisainiwa Kampala 2013 kwa lengo la kuwa na sarafu moja mwaka 2024, umesogezwa hadi 2031.

Wako watakaosema shida ni mioyo ya viongozi, kanuni hazina neno. Historia inanipa wasiwasi na hoja hiyo. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilikuwa na mengi kuliko hii: reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta moja, ndege moja. Januari 1971 Idi Amin akapindua serikali Uganda, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na mamlaka ya juu ya Jumuiya haikukutana tena. Hakukuwa na mlango wa pili. Mwaka 1977 shirika la ndege likavunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983.

Sasa tazameni Kongo. Mwaka 2022 Jumuiya ilianza kupeleka jeshi lake Kivu, mashariki mwa Kongo. Serikali ya Kongo ikalituhumu kwamba linaishi na waasi wa M23 badala ya kuwaondoa, na Desemba 2023 likaondoka. Wakaingia askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwemo Watanzania. Burundi ilikuwa na wanajeshi wake upande wa serikali ya Kongo. Uganda ilikuwa na wake, ikiwasaka ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba Rwanda inawasaidia M23, Rwanda inakanusha. Wote hao, isipokuwa baadhi ya wana-SADC, ni wanachama wa Jumuiya yetu. Mji wa Goma, huko huko Kivu, ukaangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Rais Tshisekedi wa Kongo hakuhudhuria mkutano wa dharura wa Jumuiya ulioitishwa mwezi huo huo. Juni mwaka huo Kongo na Rwanda zikasaini makubaliano Washington. Majirani wawili wenye kiti Arusha walivuka bahari kusainiana.

Nini kifanyike? Mimi nasema mambo ya vita, na ya kupokea wanachama, yabaki kwa kauli moja. Fedha na biashara ziamuliwe kwa wingi wa kura. Najua hofu ya nchi yangu: ardhi na ajira. Hofu hiyo ina haki yake, lakini inalindwa vizuri zaidi na sheria inayosomeka kuliko amri inayotoka ghafla.

Njia ya pili tayari imo kwenye mkataba, kwamba walio tayari watangulie. Kenya, Uganda na Rwanda walifanya hivyo 2014 kwa viza moja ya watalii na gharama nafuu za kupigiana simu. Sisi tulinuna. Lakini mahakama ya Jumuiya ilikwishasema tangu 2009 kwamba mwendo huo haupingani na mkataba.

Kila nchi ina wabunge 9 wa kuchaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, na hawachaguliwi na sisi. Wanachaguliwa na bunge la nchi. Wakija kwenye vyuo vyenu kutoa elimu ya utangamano, kama wanavyofanya, waacheni wamalize, kisha waulizeni nchi yetu inadaiwa kiasi gani mwaka huu, na imeomba ruhusa ngapi za kutofuata ushuru wa pamoja. Wasipojua, waombeni wawaandikie. Sasa maswali.